Miezi ya Zohali

Kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa na kuku wakishatupiwa chenga za mchele, Bi Twaiba alifunua kompyuta iliyofunikwa kwa leso, akavaa miwani yake, akaanza kumsomea mumewe mbingu.

Hakusoma kama mtu asomavyo gazeti. Alitaja kwanza namba ya mstari, kisha herufi moja moja na alama moja moja, kwa sababu maneno mengi yalikuwa ya Kizungu naye Kizungu hakukijua. Kusoma kwenyewe alijifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru, akiwa tayari na watoto watatu mgongoni na miguuni.

"Mstari wa kumi na mbili," alisema. "Ge, o, te, o. Nafasi. Vipele viwili. Ze, o, he, a, le, i. Vipele viwili. Nukta yenye mkia."

Alama zile alizipa majina yake mwenyewe, maana aliyeziumba hakumwambia zinaitwaje. Palikuwa na vipele viwili, palikuwa na nukta yenye mkia, palikuwa na pinde za kufungua na pinde za kufunga, na ile ya mistari minne iliyopishana aliiita wavu mdogo. Mzee Abdulrahim, ambaye alikuwa amesomesha sayansi shule ya sekondari kwa miaka thelathini, aliyajifunza majina hayo ya mkewe bila ya kumcheka hata siku moja. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, uso kauelekeza dirishani kana kwamba bado anaona mwanga, akisikiliza.

"Hapo. Toa nukta yenye mkia, tia upinde wa kufungua. Wamebadilisha."

"Mbona wanabadilisha kila mwaka, Baba Swabir? Hawachoki?"

"Wakichoka, programu itakufa."

Programu yenyewe ilikuwa ya watu wa mbali, watu wa nchi nyingi walioitengeneza kwa kujitolea na kuitoa bure. Ukiifungua unaiona mbingu yote ndani ya kioo cha kompyuta. Unaweza kuondoka duniani, ukapita kando ya mwezi, ukaenda hadi kwenye sayari yoyote uitakayo. Kwa asiyeijua njia, ndani yake mlikuwa na ziara. Ziara ni orodha ya amri: nenda hapa, subiri sekunde kadhaa, geuka, onyesha pete za Zohali, sema maneno haya. Mwanafunzi anakaa tu, anachukuliwa. Ziara za Kiswahili katika programu ile zilikuwa tisa, na zote tisa alizitunga Mzee Abdulrahim, enzi hizo macho yake mazima, kwa ajili ya watoto wa Msambweni waliodhani Zohali ni jina la mtu tu.

Tatizo la ziara ni kuwa hazikai. Programu ikitolewa upya, amri ya zamani haieleweki tena. Unaiambia ikupeleke Zohali, inakuacha umesimama gizani. Kila toleo jipya lilitaka ziara zirekebishwe mstari kwa mstari, na isiyorekebishwa iliondolewa. Basi sukari ilipompofua mzee miaka minne iliyopita, jambo la kwanza alilouliza alipotoka hospitalini halikuwa chakula wala dawa. Aliuliza, "Twaiba, nani atazitazama ziara?"

Akazitazama yeye. Mwanzoni kabisa aliruka nukta moja tu, na ziara ya Mirihi ikawatumbukiza katikati ya jua. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Umetuunguza, mama! Abiria wetu wote mishikaki!" Kisha akamtafuta mkono, akaushika. "Sikiliza. Mimi macho yangu sasa ni wewe. Ukichoka, sema umechoka. Ukiona kitu usichokipenda, nisomee vilevile. Lakini usiruke mstari."

Hakuruka tena. Mstari uliokuwa mwepesi kwake kuliko yote ni wa tatu. Katika kila ziara, mstari wa tatu ulianza kwa wavu mdogo, maana yake kompyuta isiusome, ni wa kusomwa na watu. Ulikuwa na jina la mumewe. Hapo mumewe angemwambia, "Nenda tu, huo tunaujua," lakini Bi Twaiba hakwenda. Aliusoma wote. "Wavu mdogo. Nafasi. A, be, de, u, le..." Alikuwa na fahari yake ndogo pale, kama mtu apitaye mbele ya nyumba aliyoijenga.

Na sauti pia ilikuwa ya mzee. "Bismillahi. Karibuni, kaeni vizuri, tunapanda." Ndivyo zilivyoanza ziara zote. Katika ile ya Zohali palikuwa na jambo la ajabu kidogo. Mzee alipoirekodi mara ya kwanza alikuwa hajaota mvi, akasema Zohali ana miezi sitini na miwili. Wataalamu wakaongeza, ikawa themanini na miwili, akairekodi upya sentensi ile moja tu. Baadaye ikawa mia moja arubaini na sita, akairekodi tena, sasa akiwa haoni. Kwa hiyo ziara ilianza kwa sauti ya kijana, ikifika kwenye miezi sauti ikazeeka ghafla, kisha kijana akarudi. Bi Twaiba aliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Ilikuwa kama shati lililotiwa kiraka kwa mkono wa mtu unayemjua.

Ramadhani ile, alasiri moja, mzee alikuwa amelaza redio kifuani. Mara akaketi wima.

"Twaiba! Zohali kazaa!"

"Kazaa nani?"

"Zohali! Wameihesabu upya. Mia mbili sabini na minne! Lete kompyuta. Mstari wa arubaini na moja."

"Baba Swabir, nakuna nazi."

"Nazi itangoja. Hebu fikiria, mtoto ayasikie mahesabu ya zamani kwa sauti yangu!"

Wakarekodi siku ya pili yake. Kurekodi kulitaka kimya, na kimya ni kitu kigumu Msambweni. Jirani yao Mbeyu aliwapeleka wajukuu zake wote kisimani, akamfunika jogoo wake kwa tenga, akasimama nje mlangoni kidole mdomoni, akiwanyamazisha wapita njia. Hakuwa na haja ya kufanya hivyo, tena akiwa na saumu. Ndani, Bi Twaiba alimfunika mumewe blanketi kichwani ili mwangwi usiingie, akaiingiza simu chini yake. "Zohali ana miezi mia mbili sabini na minne," likasema blanketi. Mara saba, mpaka mzee akaridhika. Alipofunuliwa alikuwa amelowa jasho na anacheka.

Hapo ziara zote tisa zilikuwa tayari kwa toleo la mwaka ule. Kilichobaki ni kuzituma.

Aliyekuwa akizituma ni Salimu. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mzee, kijana mwepesi wa mkono, sasa anafanya kazi hoteli moja kule Diani, anawaonyesha wageni na watoto wa shule programu ile ile katika ukumbi mkubwa. Kila baada ya miezi miwili alikuja, akala muhogo wa nazi, akachukua ziara kwenye flashi, akazituma kwa wenyewe. Ndiye aliyeiweka barua pepe kwenye simu ya mzee ambayo Bi Twaiba huishika. Na ndiye aliyemwonya, Desemba, alipozichukua ziara zilizokwisha kurekebishwa. Wiki ile ile Mbeyu alikuwa ametapeliwa vibaya kwa simu. "Mama, barua yoyote ya Kizungu ya mtu usiyemjua, usifungue. Futa." Bi Twaiba alishika neno. Ziliingia kama tatu hivi baada ya hapo, za Kizungu, akazifuta moja moja, akajisikia mwerevu.

Tangu Desemba Salimu hakuja tena. Idi ikapita. Akipigiwa simu, inalia mpaka inakata.

"Atakuwa na kazi," akasema mzee.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema Bi Twaiba. Akaitia flashi ndani ya kitambaa, akakifunga fundo kwenye pindo la leso.

Gari la asubuhi lilimshusha Ukunda, akaenda kwa miguu hadi getini. Bawabu alikuwa Mduruma mmoja wa Kinango, jina lake Chome. Alipomwona bibi anahema, aliinuka kwenye kiti chake, kiti kimoja tu alichokuwa nacho kwa kutwa nzima, akakifuta kwa kofia yake.

"Shikamoo, nyanya. Kaa kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa Salimu wa nyota."

"Kaa unywe maji. Salimu hakimbii." Akammiminia kutoka chupa yake mwenyewe, kisha akampeleka hadi ndani, ingawa haruhusiwi kuliacha geti, akamkabidhi kwa dada wa mapokezi, msichana wa bara aliyeitwa Rispah.

"Salimu ako kwa ukumbi, ako na watoi wa shule," akasema Rispah. "Ingia tu polepole, mama. Kuna giza huko, nikushike mkono."

Ukumbi ulikuwa umezibwa kwa mapazia meusi, na ingawa nje jua lilikuwa la saa nne, ndani palikuwa usiku. Bi Twaiba akaketishwa nyuma. Ukutani, mkubwa kuliko sinia la harusi, alikuwa Zohali na pete yake.

Hakuwahi kumwona hivyo. Kule kwao kioo kilikuwa kimepasuka pembeni na Zohali hakuzidi chungwa. Akashika kifua. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, maana mstari wa thelathini na nane aliujua, subiri sekunde sita. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Na Zohali akageuka, taratibu, kama alivyomwambia ageuke. Watoto wakaguta wote pamoja. Bi Twaiba alitaka kumwambia yule wa karibu naye, huyo nimemgeuza mimi na Baba Swabir, kwa mikono hii. Kwa sekunde hizo sita alikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

Kisha sauti ikasema, "Zohali ana miezi mia moja arubaini na sita."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nyororo, safi, haina umri. Bi Twaiba akadhani amechanganya ziara. Lakini maneno yalikuwa yale yale, mpangilio ule ule, ila bismillahi haikuwapo. Akangoja mpaka mwisho, na mwisho pakaja jina, peke yake, katikati ya giza, herufi nene nyeupe. Jina halikuwa na haraka, nalo lilisomeka hata na mtu wa ngumbaru. Se. A. Le. I. Me. U. Akaendelea hadi la baba yake. Halikuwa na herufi hata moja iliyopungua.

Taa zikawashwa, watoto wakatoka wakisukumana. Salimu akamwona.

"Mama! Shikamoo! Umekuja na nani? Kwa nini hukunipigia nikufuate?"

"Marahaba. Nilikupigia."

"Kazi, mama. We acha tu." Akamshika kiwiko ampeleke kwenye kiti kizuri zaidi. Alimshika kwa upole kabisa. "Mwalimu hajambo?"

"Hajambo. Ile sauti ni ya nani?"

"Ni dada mmoja wa Nairobi. Hoteli ndiyo iliyomtafuta."

"Na ya mwalimu wako ina nini?"

"Mama, kusema kweli... sentensi hii kijana, sentensi ile mzee. Watu walikuwa wanacheka."

"Watu, au wewe?"

Salimu akazungusha funguo kidoleni.

"Na jina?"

Alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha. "Waliandika wenyewe wa programu. Mara tatu. Nilipowasiliana nao waliniletea nakala. Nikusomee?"

"Nisomee. Usiruke."

Akamsomea kwa Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa ya Januari. Mpendwa Mwalimu Abdulrahim, tunakushukuru kwa miaka yote hii. Toleo jipya liko njiani, tafadhali tujulishe kama bado unazitunza ziara zako. Ya pili, Februari. Hatujapata jibu lako, tunatumaini u mzima wa afya, watoto wengi wanazitumia ziara zako nasi tunaona fahari kuwa nazo. Ya tatu, Machi. Tunasikitika kukusumbua tena. Tusiposikia kutoka kwako kufikia tarehe ishirini, tutamtafuta mtu mwingine wa kuzitunza, na akikosekana itabidi tuziondoe.

Bi Twaiba alisikiliza mikono mapajani. Zilikuwa barua za adabu. Mtu aliyeziandika alikuwa mtu mwema, hata afya alikuwa ameuliza. Akakumbuka kidole chake juu ya kioo cha simu, na jinsi alivyojisikia mwerevu.

"Uliniambia nizifute."

"Nilisema za matapeli, mama."

"Ulisema za Kizungu. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mwalimu wako, unakula muhogo wangu."

"Sikujua kama wataandika. Wallahi sikujua. Mimi niliona tangazo lao kuwa wanatafuta mtu, siku ya mwisho kabisa, nikajibu. Zingeondolewa zote! Nimeziokoa, mama."

"Ulipojibu, uliwaambia yu hai?"

Salimu akatazama mapazia.

"Niliwaambia hali yake hairuhusu."

"Hali yake hairuhusu." Aliyarudia maneno yale kama anayeonja chakula kilicholala. "Na kutoka hapa hadi Msambweni kuna safari ya siku ngapi?"

"Mama, nisamehe. Nilikuwa nije. Nikaona haya, siku zikapita, haya zikazidi." Akaketi mbele yake, magoti chini kama mtoto. "Lakini jina lake lipo. Kwenye shukrani. Tazama."

Akaiendesha ziara hadi mwisho kabisa, baada ya jina lile nene. Majina madogo kama sisimizi yakaanza kupanda kutoka chini, safu kwa safu, ya watu wa dunia nzima. Bi Twaiba akainama na miwani yake. Akaipata A, akaipata be, na kabla hajafika kwenye de lilikuwa limeshapotea juu.

"Rudisha."

Akarudisha. Likapita tena.

"Lisimamishe, mwanangu, nilisome."

"Halisimami, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Basi nirudishie kwenye ziara. Mstari wa tatu. Jina lako na lake, yote mawili. Sikunyimi."

"Wao wanataka mtu mmoja anayejibu barua. Na hoteli nayo imeshachapisha vibao... Nitajaribu. Toleo lijalo, inshallah."

"Na ile ya Kilimia? Sikuiona kwenye orodha ukutani. Nimehesabu nane."

"Ile niliitoa. Mambo ya kulima, mama, wageni hawayaelewi."

Ziara ya Kilimia mzee aliitunga kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa akilima Kinango kwa kuzitazama nyota zile. Bi Twaiba hakusema hivyo. Salimu alikuwa amewahi kuambiwa.

Zile alizokuja nazo hakumkabidhi; aliondoka na ziara za toleo jipya ndani ya flashi yake, kwa sababu desturi yao ilikuwa hivyo, zikishatumwa zilirudi nyumbani zikasomwa. Salimu alimsindikiza hadi getini, akamtilia mkononi pakiti ya biskuti. "Za Mwalimu. Hazina sukari." Alikuwa amekumbuka. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa kuwa mtu akiwa mbaya mtupu, angalau unajua umweke wapi.

Mzee alimsikia tangu mlangoni.

"Programu imekubali?"

"Imekubali."

"Alhamdulillahi. Salimu je?"

"Ana kazi nyingi. Kakuletea biskuti."

"Kijana mzuri. Wallahi kijana mzuri." Akazipapasa zile biskuti kama zawadi ya Idi. "Haya, mama, pumzika. Kesho tutasoma."

Asubuhi vyombo vikaoshwa, kuku wakatupiwa chenga. Bi Twaiba alikawia kuwatupia, akizisambaza moja moja. Kisha akafunua kompyuta, akatia flashi, akaifungua ziara ya Zohali. Mzee alikuwa ameshakaa, uso dirishani.

"Mstari wa kwanza," akasoma, na herufi zake, na alama zake.

"Sawa."

"Mstari wa pili." Na herufi zake, na alama zake.

"Sawa."

Mbele yake mstari wa tatu ulikuwa umekaa, mweusi, mtulivu. Bi Twaiba aliutazama. Alikuwa amelala akiupangia usiku kucha.

"Mstari wa tatu. A, be, de, u, le, re..." Akalisoma jina la mumewe lote mpaka mwisho, bila ya kutetemeka, kutoka mahali ambapo halikuwapo.

Mzee hakusema sawa.

Nje jogoo wa Mbeyu aliwika, akanyamaza, akawika tena.

"Twaiba," akasema mzee. "Umeruka wavu mdogo."

Bi Twaiba akaisukuma miwani yake juu ya pua.

"Miaka minne hujawahi kuuruka. Hata nikikuambia uuruke." Hakuugeuza uso. "Usome tena. Kama ulivyo."

"Baba Swabir, nimechoka."

"Hujachoka. Ukichoka huwa unasema kabla ya kuanza."

Basi akausoma. Wavu mdogo. Nafasi. Se. A. Le. Kufika hapo mzee alikuwa ameshaelewa, lakini hakumzuia, naye hakusimama, kwa kuwa ndivyo walivyoahidiana. Alilisoma hadi herufi ya mwisho. Kisha, kabla hajaulizwa, akamweleza yaliyobaki: sauti ya mwanamke, Kilimia, majina ya sisimizi. Na akamweleza kuhusu barua tatu na kidole chake.

"Walikuwa wameuliza afya yako," akasema. "Walikuwa watu wa adabu. Mimi ndimi niliyezifuta."

Mkono wa mzee ulitoka pajani ukautafuta wa mkewe, ukaukosa, naye Bi Twaiba hakuusogeza wake ushikwe. Mwishowe ukarudi.

"Mstari wa arubaini na moja unasemaje?"

"Mia moja arubaini na sita."

"Basi ni makosa." Akakunja midomo. "Watoto wanasikia makosa. Rekebisha, mama. Mia mbili sabini na minne. Kisha umpelekee."

"Nimpelekee Salimu?"

"Yeye ndiye mwenye nazo. Zohali hajui ni za nani."

Akarekebisha. Herufi moja moja, akiwa na jina la Salimu juu kabisa ya kioo, mstari wa tatu. Alipomaliza akaihifadhi kwenye flashi, akaifunga ndani ya kitambaa.

Ijumaa hakwenda Diani. Alisema mguu unamuuma. Ijumaa ya pili alisema mvua. Mvua haikunya, na mzee, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alijua haikunya. Bi Twaiba aliyekuwa akiwatilia maji hata mbwa wa watu, aliyekumbuka kiti cha Chome na mkono wa Rispah na tenga la Mbeyu kila aliposwali, alikiweka kile kitambaa ndani ya kikombe kilichovunjika mpini, juu kabisa ya kabati, na hakukishusha.

Siku moja mjukuu wa Mbeyu alirudi kutoka ziara ya shule, akaingia mbio akiwa bado na sare.

"Babu! Tumeona Zohali! Ana miezi mia moja arubaini na sita!"

Mzee Abdulrahim akafungua mdomo. Bi Twaiba, akichambua mbaazi, hakuinua kichwa.

"Mingi hiyo," akasema mzee.

Kompyuta ilibaki chini ya leso yake. Asubuhi, vyombo vikishaoshwa na kuku wakishatupiwa, mzee aliendelea kukaa kwenye kiti cha kamba na uso wake dirishani, na mkewe akakaa pale pale kando yake na miwani yake mkononi. Wala hapakuwa na mstari wa kusoma.